Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mteremko na Maji

Ndugu wanachama wa chama chetu cha baiskeli, shikamooni wakubwa, na vijana habari zenu. Asanteni kwa kufika Lushoto, hasa ninyi mliotoka Mombo alfajiri na kupandisha kwa baiskeli kupitia Soni. Kule chini ni kiasi cha mita 400 juu ya usawa wa bahari, hapa tulipoketi ni kama mita 1,400. Chai iko tayari, kunyweni kwanza, mtanisikiliza huku mkipumzika.

Hesabu atazisoma mweka hazina, na ratiba ya safari anayo katibu. Mimi nina mambo mawili yaliyoninyima usingizi mwaka huu: mteremko na maji.

Wengi wenu mlisikia habari ya yule mama wa njia ya Migambo, lakini mliisikia vipande vipande, na vipande vingine viliongezwa chumvi. Ilikuwa hivi. Mwenzetu alikuwa anashuka asubuhi, ukungu haujaondoka msituni. Kwenye kona akakutana na mama anapandisha kwenda gulioni, tenga la mapeasi kichwani. Kijana akakamata breki ya mbele ghafla, tairi likateleza kwenye kokoto, baiskeli ikaenda ubavuubavu. Mama akajitupa mtaroni. Hakugongwa, Mungu ni mwema, ila kifundo cha mguu kilitenguka, na mapeasi yote yakabingirika barabarani.

Siku ya tatu tulikwenda nyumbani kwake, mimi, katibu na kijana mwenyewe. Tulimkuta barazani, mguu umefungwa kipande cha kanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Karibuni, vuteni vigoda."

Tuliomba radhi, tukamweleza kuwa chama kitabeba gharama za matibabu na kulipia mapeasi. Alitusikiliza mpaka tukamaliza, kisha akamgeukia kijana. "Mwanangu, ulikuwa unawahi nini?"

Kijana aliinamisha kichwa. Hakuwa na la kujibu, na mimi pia sikuwa nalo, maana nilijua alikuwa anashindana na saa iliyofungwa kwenye usukani wake, na saa ile tuliisifia sisi. Kila mwisho wa safari tulikuwa tunasomeana muda wa kushuka na kupigiana makofi. Lawama ya siku ile naibeba mimi kabla yake.

Kamati imekubaliana hivi, na naomba mkutano upitishe: chama hiki hakitapima tena wala kutangaza muda wa mteremko. Anayetaka kushindana ashindane kupanda. Kwenye kona, mwendo uwe ule unaokuwezesha kusimama ndani ya umbali unaouona. Kila baiskeli iwe na kengele. Na siku ya gulio, ukikuta watu wamejaa barabarani, shuka utembee.

Jioni ile niliikagua baiskeli ya kijana. Nilizitoa pedi za breki za mbele kwa mkono wangu. Moja ilikuwa imebaki nyembamba kama ukucha, ya pili ilikuwa chuma kitupu. Tope letu jekundu likishachanganyika na mchanga linasaga pedi kama msasa, na safari moja ya mvua inaweza kumaliza kilichokusudiwa kudumu miezi. Basi tusisubiri breki zipige kelele. Zikaguliwe kabla ya kuondoka, kila mmoja akague ya mwenzake. Na wageni wa milima wafundishwe kukamata na kuachia, wasining'inie kwenye breki kutoka juu hadi chini mpaka zipate moto.

Sasa maji.

Barabara ya changarawe huharibiwa na maji kuliko magurudumu. Ikijengwa vizuri inakuwa na mgongo katikati ili mvua igawanyike kushoto na kulia, iingie mitaroni, ipite kwenye makalavati, yale mabomba ya chini ya barabara, itoke. Mtaro ukiziba, maji yanapanda barabarani na kuifanya mto. Ndicho kilichotokea wakati wa vuli. Mkandarasi alipitisha greda, akaukwangua udongo na kuulundika palepale kwenye midomo ya mitaro, akaondoka. Mvua ya kwanza kubwa ikapasua barabara katikati. Sisi tulizunguka na baiskeli mabegani, lakini magari ya kabichi yalikwama, na kabichi haina subira.

Taarifa tuliipeleka kunakohusika, lakini hatukukaa kusubiri majibu. Wanachama waliopatikana walichukua majembe na machepe, tukazibua mitaro asubuhi nzima. Tulikuwa tumeanza kuchimba njia ya kutolea maji upande wa bonde, akaja mzee mmoja na fimbo yake, akasimama, akatutazama. "Wajukuu, hapo mkikata mnayapeleka kwenye viazi vya mtu." Akatutembeza hatua kama thelathini chini, pana mawe na matete. "Hapa yatoke." Tulikata pale. Mvua zilizofuata, kipande kile hakikuchimbika.

Wazee wa milima hii wanaujua udongo kwa gharama. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wake wa kuhifadhi udongo huko Mlalo, watu wakalazimishwa kuchimba matuta kwenye mashamba ya miteremkoni, na Wasambaa waliupinga. Waliugomea ubabe, maana thamani ya udongo wanaijua kuliko mtu yeyote. Kwa hiyo tunapokwenda kufanya kazi kijijini tuanze kwa kuuliza.

Hilo linanileta kwenye ombi la baadhi ya vijana, la kufungua njia mpya za kushukia ndani ya msitu wa Magamba. Nimelisoma kwa makini, najua limetoka kwa watu wanaoupenda msitu kama mimi. Jibu langu ni hapana. Ile ni Hifadhi ya Mazingira Asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na njia haikatwi bila idhini. Lakini hata tungepewa idhini leo, ningepinga. Tairi kwenye mteremko laini linaacha mfereji mwembamba. Mvua inaufuata, baiskeli ya pili inauongeza, msimu wa tatu pana korongo, na mizizi ya miti imebaki hewani kama vidole. Msitu ule ndio unaotunza chemchemi za huku. Barabara zilizopo, Magamba, Lukozi, mpaka Mtae ambako mlima unakatika ghafla na nyika ya Mkomazi inatandazwa chini yako, zinatosha kwa miaka yetu yote. Mimi nimezipita mara nyingi na bado kila safari nasimama pale Mtae kama mgeni.

Kuhusu vifaa kwa kifupi: tairi za upana wa milimita 40 hadi 45 zimethibitika kutufaa, nyembamba zaidi zinapasuka kwenye mawe. Kuzipata huku ni kazi, kwa hiyo tuagize kwa pamoja. Na wenye baiskeli za Phoenix za gia moja ni wanachama kamili. Barabara hizi walikuwa wanazipita na magunia ya viazi kabla yetu.

Masika huanza Machi. Naomba Jumamosi ya kwanza ya Februari, saa moja asubuhi, tukutane Magamba na majembe tuzibue tena mitaro ya njia ya Migambo. Yule mama mguu umepona na nimemweleza tunakuja. Amesema atatupikia uji, ila sukari aje nayo yule kijana.