Malalamiko Kuhusu Maelekezo ya Kuandaa Maji Katika Seti Yenu ya Tangi la Samaki

Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

YAH: KIJITABU CHA MAELEKEZO YA TANGI LA LITA 60 LA SAMAKI WA MAJI BARIDI

Rejea mada tajwa hapo juu. Kioo, pampu na taa za seti niliyonunua kwenu havina kasoro. Ninacholalamikia ni kijitabu kilichomo ndani ya boksi, ambacho kinamwagiza mnunuzi ajaze maji ya bomba, atie dawa ya kuondoa klorini, awashe chujio, asubiri saa 24, kisha “maji yakiwa maangavu” aweke samaki wasiozidi 10. Nilizifuata hatua hizo kama zilivyoandikwa. Kabla ya wiki kwisha samaki walikuwa wakihema juu ya maji, na wengi wao wakafa. Kipimo cha matone nilichonunua kwingine kilionyesha amonia, sumu inayotokana na samaki wenyewe, ya miligramu 4 kwa lita katika maji yenye pH (kipimo cha uasidi au ubesi wa maji) ya 8, maji ambayo kwa macho yalikuwa safi bila dosari.

Saa 24 zinatosha kujua kama tangi linavuja na kama kipasha maji kinafanya kazi. Hazitoshi hata kidogo kuliandaa chujio. Samaki hutoa amonia kila wakati, hasa kupitia matamvua, na kinyesi pamoja na mabaki ya chakula huiongeza vikioza. Katika tangi lililokomaa, kundi moja la bakteria hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu kwa sababu huizuia damu ya samaki kubeba oksijeni, na kundi jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, yenye madhara madogo zaidi na inayopunguzwa kwa kubadilisha sehemu ya maji mara kwa mara. Bakteria hao huzaliana polepole, na katika tangi jipya kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 6 kufikia idadi inayotosha. Kwa kuwa amonia na nitriti hazina rangi, uangavu wa maji ambao kijitabu chenu kinautumia kama ishara haumwelezi mnunuzi lolote kuhusu usalama wake.

Tatizo hili lingeweza kugunduliwa mapema kama vijikaratasi vya kupimia mlivyoweka ndani ya boksi vingepima amonia. Vinapima pH, ugumu wa maji na nitrati tu. Yaani mnunuzi amepewa kipimo cha kitu kinachotokea mwishoni, akanyimwa kipimo cha kile kinachoua mwanzoni. Suala la pH nalo si dogo, maana ikipanda kutoka 7 hadi 8 sehemu ya amonia iliyo sumu kali huongezeka karibu mara 10, na kijitabu hakisemi neno juu ya uhusiano huo.

Mhudumu wenu alinijibu kwamba huenda samaki walilishwa kupita kiasi. Niliwapa kiasi kilichotajwa kwenye kopo lenu la chakula, mara mbili kwa siku kama lilivyoelekeza. Ikiwa kiasi hicho ni kingi mno kwa tangi lisilo na bakteria, basi jibu lake ni lalamiko jingine dhidi ya maelekezo yenu.

Jambo linalonishangaza zaidi ni agizo la kutupa sifongo ya chujio kila baada ya wiki 4 na kuweka mpya. Bakteria ninaowataja hawaelei kwa wingi majini. Huishi wakiwa wameshikamana na nyuso za vitu, hasa ndani ya sifongo hiyo hiyo. Mnunuzi akitii, atawatupa karibu wote wakati ule ule wanapoanza kutosha, na amonia itapanda upya. Sifongo huhitaji tu kusuuzwa katika maji yaliyotolewa ndani ya tangi, si maji ya bomba yenye klorini, na hutumika hadi inapochakaa. Siwezi kujizuia kuona kwamba agizo hilo linanufaisha mauzo ya sifongo kuliko samaki.

Vilevile, chupa ya dawa imeandikwa kwamba huondoa klorini, bila kueleza kama inafaa kwa maji yaliyotiwa kloramini, yaani muungano wa klorini na amonia unaotumika kuua vijidudu katika maji ya bomba. Kloramini haitoweki haraka kwa kuyaacha maji yakae wazi, na dawa inayoivunja bila kuidhibiti amonia inayobaki humwongezea mnunuzi tatizo.

Kwa hiyo naomba nirudishiwe gharama ya seti, na kijitabu kirekebishwe kieleze namna ya kukomaza chujio kabla ya kuweka samaki: kutia amonia isiyo na manukato wala sabuni hadi takriban miligramu 2 kwa lita, na kusubiri mpaka kiasi hicho kiishe ndani ya saa 24 na nitriti isome sifuri. Naomba pia kipimo cha amonia na nitriti kiwemo ndani ya boksi, agizo la kubadilisha sifongo kila mwezi lifutwe, na lebo ya dawa itaje kloramini waziwazi.

Nimeambatisha risiti, picha za kurasa husika na picha za vipimo. Nitashukuru kupata jibu la maandishi ndani ya siku 14.

Wako mwaminifu,

Mteja wenu