Barua kwa wanangu mnaojikatalia kabla ya kukataliwa

Wanangu,

Nawaandikia ninyi mliofaulu na bado mmekaa kimya. Alama zenu zinatosha na muda wa maombi haujaisha, lakini mmeshaamua moyoni kwamba chuo kikuu si cha watu wa nyumba kama yenu. Hakuna aliyewaambia hivyo. Mmejiambia wenyewe usiku, mkipiga hesabu ya ada huku mkimtazama mama aliyelala na uchovu wake.

Naijua hali hiyo. Mwaka niliomaliza sekondari nilijaza fomu ya chuo mpaka mstari wa mwisho, nikaikunja, nikaificha chini ya godoro hadi tarehe ikapita. Watu walipouliza nilisema nimekosa nafasi. Niliwadanganya, maana nafasi sikuiomba. Mwaka uliofuata mwalimu mmoja alinibana mpaka nikasema kweli, akasimama mbele yangu nikiijaza upya. Mwaka ule uliopotea unaniuma hadi leo kuliko mtihani wowote niliowahi kushindwa.

Kwa muda mrefu nilidhani ni woga wangu peke yangu. Kisha nikasoma habari za Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani. Watafiti walitafuta wanafunzi wenye alama za juu kutoka familia za kipato cha chini, wakawaandikia barua baadhi yao, na wazazi na wakuu wao wa shule wakaarifiwa pia: ukiomba ukapokelewa, hutalipa ada kwa miaka 4, wala hutatakiwa kwanza kujaza makaratasi ya kuthibitisha kipato cha wazazi. Sasa sikilizeni. Wengi wao wangesomeshwa bure hata bila barua, kwa sababu msaada wa chuo ulikuwa tayari unawahusu. Barua iliwaongezea uhakika tu. Kati ya ambao hawakuandikiwa, 26 katika kila 100 waliomba. Kati ya walioandikiwa, waliomba 68. Walioingia chuoni hapo walipanda kutoka 12 hadi 27 katika kila 100.

Nimewafikiria sana wale ambao hawakuomba. Fedha zao zilikuwepo, wao wakaona ada iliyotangazwa wakageuza njia.

Kwa hiyo, mwanangu, ada iliyotangazwa isikufukuze kabla hujauliza wewe utalipa ngapi. Uliza kwa maandishi. Uliza ipi ni ruzuku, ambayo hairudishwi, na upi ni mkopo. Kama ni mkopo, riba inaanza kuhesabiwa lini? Marejesho yanaanza lini, na itakuwaje usipopata kazi? Na kabla ya kusaini, uliza katika kila 100 wanaoingia chuo hicho wangapi humaliza. Hili watu hawaulizi, nami naliona kubwa kuliko jina la chuo, kwa sababu anayeachia masomo njiani huondoka na deni bila cheti cha kumsaidia kulilipa.

Wengine huniambia, “Bibi, hata nikiingia, watoto wa matajiri watanipita tu.” Mchumi Raj Chetty na wenzake walichambua kumbukumbu za wanafunzi zaidi ya milioni 30 wa vyuo vya Marekani, wakatoa matokeo mwaka 2017. Waliona kwamba waliosoma chuo kimoja, wa familia maskini na wa familia tajiri, hufikia vipato vinavyokaribiana sana utu uzimani. Lakini waliona pia vyuo 38 vilivyokuwa na wanafunzi wengi zaidi kutoka ile asilimia 1 ya familia tajiri kabisa kuliko kutoka asilimia 60 ya chini. Tofauti kubwa, basi, iko katika nani anayeingia.

Sisemi kwamba yote ni woga. Wapo waliobisha hodi kila mahali wakakosa fedha kweli, na hao sina neno la kuwalaumu. Lawama hiyo ni ya wanaopanga bajeti.

Ukishaingia, tabia ile itakufuata. Utaogopa kwenda ofisini kwa mhadhiri. Utakosa nauli ukae kimya, ukose kipindi, kisha uone aibu kurudi. Mficha uchi hazai, wanangu. Vyuo vya umma vya jiji la New York vilianzisha mwaka 2007 mpango uitwao ASAP: nauli, vitabu, ada iliyobaki baada ya ruzuku, na mshauri anayemfuatilia mwanafunzi kwa karibu. Ulipopimwa, waliomaliza ndani ya miaka 3 walikuwa 40 katika kila 100, dhidi ya 22 kwa wenzao waliokuwa nje ya mpango. Nauli na mtu wa kukuuliza jana ulikuwa wapi! Kama chuo chako hakina mpango wa namna hiyo, mtafute mtu mmoja wiki ya kwanza kabisa, mhadhiri au mwanafunzi wa mwaka wa juu, umweleze hali yako kabla mambo hayajaharibika.

Aliye na fomu aliyoikunja, aikunjue leo. Sehemu iliyokushinda kujaza, mpelekee mwalimu unayemwamini, na akikuuliza kwa nini ulichelewa, mwambie kweli.

Bibi yenu