Mpwa wangu, hilo gemu la Dar nzima lisubiri kwanza

Mpwa wangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote. Unataka gemu la bodaboda lenye barabara zote kuanzia Mbagala hadi Tegeta, mvua, trafiki, abiria wanaobishania nauli, na watu wacheze pamoja mtandaoni. Wazo tamu. Usilianze.

Anza na boda mmoja, barabara moja, na mashimo yanayoshuka kutoka juu ya skrini. Akigonga shimo, mchezo umekwisha. Basi. Wala usione aibu: mwaka 1972 Allan Alcorn, mgeni kazini Atari, kampuni ya magemu ya Marekani, alipewa Pong, gemu la tenisi ya mezani, kama zoezi la kujinoa tu, na zoezi hilo ndilo lililoingia sokoni. Alexey Pajitnov naye, Moscow mwaka 1984, aliitengeneza Tetris, gemu la kupanga vipande vinavyoshuka, kwenye kompyuta isiyoweza hata kuchora picha. Vipande vyake vilikuwa mabano.

Kwa laptopu yako hiyo, pakua Godot. Ni programu huria ya kutengenezea magemu, bando lako litalimudu faili lake, na hata gemu likiuzwa wao hawakudai senti.

Siku ya kwanza usichore pikipiki. Weka mraba mwekundu, uufanye uende kushoto na kulia. Ukiuambia usogee pikseli 5 (vidoti vya skrini) kila fremu, yaani kila skrini inapochorwa upya, kwenye kompyuta inayotoa fremu 60 kwa sekunde utakwenda pikseli 300. Kwenye simu ya mdogo wako, ikizidiwa ikatoa 30, utakwenda 150. Gemu lile lile, boda mmoja kanywa supu, mwingine kashinda njaa. Ndiyo maana Godot inakupa delta, yaani muda uliopita tangu fremu iliyotangulia. Panga kasi kwa sekunde, tuseme 300, kisha zidisha kwa delta. Fanya hivyo tangu mwanzo, maana kuja kurekebisha baadaye, mashimo na alama vyote vikiwa vimeshaingia, ni balaa. Picha na muziki mwisho kabisa. (Najua muziki umeshautafuta.)

Lile wazo lako jingine, la bao, mimi nalipenda kuliko hili la boda. Kuchora mashimo 32 na kete 64 ni kazi ya jioni moja. Kinachotesa ni sheria: namua, mtaji, nyumba, lini unakula na lini unatakata. Kaa na babu yako barazani, acheze polepole, wewe uandike kila hatua kwa kalamu. Hilo liwe gemu la pili.

Huyu boda akishaweza kufa na kuanza upya, mpe mdogo wako acheze, usimwelekeze chochote. Tazama vidole vyake. Pale atakapokwama ndipo pa kurekebisha, na ukishindwa nipigie. Ila isiwe saa nane usiku.

Anko wako