Barua ya wazi kwa Meya wa Lubumbashi: kwenye nyumba ya zamani, kipi hakiguswi?

Mheshimiwa Meya,

Nakuandikia nikiwa barzani, kibaraza cha mbele ya nyumba, pale baba yangu alipokuwa akikaa kila Oktoba kungojea mvua ya kwanza. Nyumba yetu ni ya zamani: matofali ya kuchoma ya udongo wa kichuguu, yameshikanishwa kwa chokaa, dari iko juu, matundu ya hewa chini ya paa. Wajukuu wameongezeka. Nataka vyumba viwili na choo cha ndani, upande wa nyuma, na ruhusa ya kujenga nitaiomba kama inavyotakiwa.

Ila kabla sijamlipa mchora plani, nani ataniambia kipi hakiguswi?

Nchi ina sheria ya kulinda mali za utamaduni tangu tarehe 15 Machi 1971. Kathedrali ya Watakatifu Petro na Paulo, au teatri aliyoichora msanifu majengo Claude Strebelle, hata mtoto wa shule anajua ni urithi. Nyumba ya mtu wa kawaida ndiyo inayokufa kimya. Katika barabara yetu jirani mmoja alizungushia mabati, Jumapili mbili tu, barza ikawa maduka matatu. Simlaumu sana, hakuna aliyemwonyesha mstari.

Mwingine alipiga saruji kuta zote za nje. Zilipendeza, kweli. Lakini ukuta wa chokaa hupumua. Unyevu unaopanda kutoka ardhini ulikosa pa kutokea, ukabaki ndani ya tofali, na baada ya masika mawili matofali yanamenyeka kama kitunguu. Hilo halionekani kwenye plani yoyote.

Ninachoomba ni karatasi moja, ibandikwe kila komini, yaani kila wilaya ya mji. Upande wa barabara ubaki na barza yake, kimo cha paa na tofali lisilofunikwa saruji. Upande wa nyuma wa lupango (kiwanja cha nyumba) mtu ajenge, mradi asipite paa la mbele. Iandikwe kwa Kiswahili, maana mafundi wetu wengi Kifaransa cha plani wanakibahatisha (nami pia, nisikudanganye). Na anayetunza mbele yake apunguziwe malipo ya ruhusa, kwani chokaa na fundi anayeijua havipatikani kwa bei ya saruji.

Plani yangu nitaileta kabla ya mvua. Barza imo, yote.

Mwenye lupango,
Komini ya Lubumbashi