Barua kwa Hamisi: protini kwanza, mafuta yafuate, wanga ujaze nafasi

Dar es Salaam

Ndugu yangu Hamisi,

Assalaam aleikum. Nakusalimu wewe, mama watoto na wazee wote hapo Mwanza. Barua yako nimeipata. Unasema umepiga chuma miezi mitano, siku nne kwa wiki, mikono imejaa kidogo lakini tumbo limejaa zaidi, na kijana wa jimu anakusukuma ununue ndoo ya unga wa kunenepesha. Usinunue. Ndoo nyingi za namna hiyo ni sukari na wanga uliosagwa laini, protini kidogo juu yake, na wanga ndio kitu ambacho tayari unacho kingi. Nimeipitia orodha ya vyakula uliyoniandikia. Chakula chenyewe si kibaya hata kidogo, ila wanga umetawala sahani, mafuta yamejificha ndani ya mboga, na protini inapatikana siku ikipenda.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu tutabaki kubahatisha. Una kilo 70 na kazi yako ni ya kusimama dukani. Mtu wa aina yako anayefanya mazoezi siku nne hubaki na uzito uleule akila takriban kalori 34 kwa kila kilo ya mwili, yaani kama 2,400 kwa siku. Ili misuli ikue ongeza 250 tu, ufike 2,650. Ukiongeza 800 kama wanavyofanya vijana wengi, misuli haitakua mara tatu zaidi. Mwili una kasi yake ya kujenga nyama, na ziada yote inayozidi kasi hiyo inawekwa kiunoni. Hapo ndipo tumbo lako lilipotoka.

Sasa zigawe hizo kalori, na ugawe kwa mpangilio huu: protini kwanza, kisha mafuta, halafu nafasi iliyobaki yote ijazwe na wanga. Gramu moja ya protini ina kalori 4, ya wanga 4, ya mafuta 9. Mwaka 2018 ulitoka uchambuzi wa majaribio 49 ya watu wanaonyanyua uzito, ukaonyesha kwamba faida ya kuongeza protini hupungua sana ukishafika gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, na kwamba kwa usalama wa hesabu mtu anaweza kufika 2.2. Kwa kuwa sehemu ya protini yako itatoka kwenye maharage na unga, tuchukue 1.8. Mara 70 inakuwa 126, weka 125. Hizo ni kalori 500. Mafuta weka gramu 70, yaani kalori 630. Usiyashushe chini ya hapo kwa hofu ya kitambi, kwa sababu mwili unayahitaji kutengeneza homoni na kufyonza vitamini A, D, E na K. Zinabaki kalori 1,520, ukigawa kwa 4 ni gramu 380 za wanga. Wanga huo hauna dhambi yoyote. Ndio unaohifadhiwa kwenye misuli kama glaikojeni na kukupa nguvu ya seti ya nne, yaani mzunguko wa nne wa kunyanyua chuma. Ukiukata sana, vyuma vitakushinda mapema na protini uliyoigharamia itachomwa kama kuni.

Nunua mizani ya jikoni, ile ndogo ya kilo 5. Ukiwa nayo, pima chakula kikiwa kibichi au kikavu, kwa sababu gramu 100 za mchele zikiiva zinakuwa karibu 300, na hapo ndipo watu hupotea: anasoma thamani ya mchele mkavu kisha anapima wali. Ugali wa familia hautakusumbua. Pima unga kabla ya kusonga, tuseme gramu 500. Ugali ukiiva, upime wote, tuseme 1,600. Ukikata kipande cha gramu 400, umekula robo, yaani unga gramu 125. Mafuta ya mboga vilevile: mama watoto ahesabu vijiko anavyomimina sufuriani. Vijiko sita vya mezani kwa watu wanne ni kijiko kimoja na nusu kila mtu, na kijiko kimoja tu kina gramu 14 za mafuta, kalori 120. Namwomba asikasirike, wiki mbili tu mtakuwa mmezoea na hamtahitaji kupima tena kila siku.

Hebu tuipange siku moja kwa vyakula vilivyo hapo hapo Mwanza. Asubuhi kula mayai matatu ya kuchemsha, viazi vitamu vya kuchemsha gramu 300 na glasi ya maziwa ya robo lita. Hapo una protini 31, mafuta 23, wanga 70. Ungekula chapati moja badala ya viazi, wanga ungekuwa karibu uleule, lakini mafuta yangeongezeka gramu 12 au zaidi kutegemea mpikaji, na ukiongeza ya pili theluthi mbili ya mafuta ya siku nzima imekwisha kabla ya saa tatu. Sikukatazi chapati. Ihesabu tu.

Mchana, wali wa mchele gramu 120, kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva, samaki gramu 100 za mnofu uliopikwa, na mafuta kijiko kimoja. Protini 48, mafuta 19, wanga 136. Sato au sangara vyote vinafaa, nyama yao haina mafuta mengi. Mapanki ni mazuri kwa mchuzi, lakini usihesabu uzito wa panki zima kama samaki, kwa sababu minofu imekwisha kuchukuliwa na kilichobaki ni mfupa na nyama ya pembeni. Ukila kwa mama ntilie hutaweza kupima, basi tumia kiganja: kipande cha nyama au samaki chenye ukubwa na unene wa kiganja bila vidole ni kama gramu 100, na kina protini karibu 25. Mwombe akupunguzie wali kidogo akuongezee maharage, na mchuzi auchote chini, asikumwagie ule mng'ao wa juu.

Saa moja hivi kabla ya mazoezi kula ndizi mbivu mbili, protini 2, wanga 54. Usiku, ugali wa dona wa unga gramu 130, dagaa wakavu gramu 40, mboga za majani na kijiko kimoja cha mafuta: protini 35, mafuta 23, wanga 102. Kabla ya kulala glasi ya mtindi usiotiwa sukari, protini 8, mafuta 8, wanga 12. Jumlisha vyote: protini 124, mafuta 73, wanga 374, kalori 2,650. Imetimia bila ndoo yoyote.

Hapo kwenye dagaa nataka nikae kidogo, kwa sababu wewe uko karibu na soko la samaki la Mwaloni Kirumba na unacho kitu ambacho wenzako wa jimu za mjini wanakitafuta kwenye makopo. Dagaa wakavu zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na ukiwala na mifupa unapata madini ya kalisi pia. Chagua walioanikwa kwenye chanja, maana walioanikwa ardhini wana mchanga, na mchanga ndio unaowafanya watu waseme hawapendi dagaa. Waoshe kwa maji ya vuguvugu mara mbili au tatu mpaka maji yatulie bila mchanga chini, wakaushe kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo, ndipo uweke kitunguu, nyanya na kile kijiko kimoja cha mafuta. Ukiwatumbukiza kwenye mafuta mengi wanayanywa kama sponji, na hesabu yote ya usiku inaharibika.

Ugali na maharage pia vina siri nzuri. Protini ya mahindi ina upungufu wa lisini, ya maharage ina upungufu wa methionini (hivyo viwili ni vijenzi vya protini), na kila mmoja ana kile ambacho mwenzake amekosa. Vikiliwa siku moja vinatimizana. Maharage yaloweke usiku kucha, maji ya kulowekea yamwage, chemsha kwa maji mapya. Ukianza kula kikombe kizima kila siku ghafla, tumbo litajaa gesi na utakata tamaa. Anza na nusu kikombe kwa siku kwa muda wa wiki moja, kisha ongeza.

Protini uigawe. Usiungojeshe mwili mpaka saa mbili usiku ndipo uupe gramu 90 kwa mkupuo, huku mchana kutwa ukiwa wa chai na maandazi. Gramu 25 hadi 40 kwa mlo, milo mitatu au minne, inatosha. Mwezi wa Ramadhani ukifika, ipange kwenye futari, mlo wa baada ya tarawehe na daku, kama gramu 40 kila mahali, na daku usiikose kwa usingizi.

Kuna makosa matatu niliyoyaona kwenye barua yako, niruhusu niyaseme waziwazi kama ndugu. La kwanza ni mayai mabichi. Acha kuyanywa. Yai lililoiva mwili unatumia takriban asilimia 90 ya protini yake, bichi ni karibu nusu tu, na juu ya hapo unajiweka kwenye hatari ya vijidudu vya salmonela. La pili ni karanga. Unaziita protini, na kweli gramu 30 zina protini 7 au 8, lakini zina mafuta 15. Karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta. Mikono miwili ya karanga kila jioni mbele ya televisheni inatosha kabisa kuvuruga ile ziada ya 250 tuliyoipanga. Kula kiasi cha kiganja kimoja, na siku hiyo punguza kijiko kimoja cha mafuta kwenye mboga. La tatu ni chai. Vijiko vitatu vya sukari kwa kikombe, vikombe vitatu kwa siku, ni karibu gramu 40 za sukari ambazo hukuziandika popote. Shusha hadi kijiko kimoja taratibu.

Poda ya wei si haramu wala si uchawi. Ni protini iliyochujwa kutoka kwenye maziwa. Kijiko chake kikubwa hutoa protini 20 hadi 25, sawa na mayai manne. Itakufaa siku ambayo huwezi kupika, lakini si lazima. Kreatini monohaidreti, poda nyingine ya watu wa jimu, ndiyo ambayo faida yake imethibitishwa vizuri, gramu 3 hadi 5 kila siku, wakati wowote. Ukianza, uzito unaweza kupanda kilo moja ndani ya wiki za mwanzo kwa sababu inavuta maji ndani ya misuli, kwa hiyo usipunguze chakula kwa hofu. Kama una tatizo lolote la figo au kisukari, usianze mpango huu wa protini nyingi wala kreatini kabla ya kuonana na daktari.

Kwenye vyuma sitasema mengi. Kila kundi la misuli lipate angalau seti 10 kwa wiki, zigawanywe siku mbili, marudio 6 hadi 12 kwa kila seti, na mawili ya mwisho yawe magumu kweli. Andika uzito kwenye daftari. Ukifikisha 12 kwa seti zote, ongeza kilo mbili na nusu. Vyuma visipopanda kwa miezi, hata sahani iwe nzuri namna gani itageuka mafuta. Na lala kwa muda wa saa saba au nane kila usiku, Hamisi. Duka lifungwe mapema kidogo.

Sasa jinsi ya kujua kama inafanya kazi. Jipime kila asubuhi baada ya kutoka chooni, kabla ya kula, uandike. Usishtuke na siku moja. Ugali na chumvi za jana usiku zinaweza kukuongezea kilo nzima ya maji. Chukua wastani wa siku saba, ulinganishe na wa wiki iliyopita. Kwa kilo 70, unataka upande gramu 175 hadi 350 kwa wiki. Jumapili pima kiuno kwa futi ya fundi cherehani, usawa wa kitovu, ukiwa umetoa pumzi kawaida. Wiki mbili zikipita na wastani haujasogea, ongeza unga gramu 40 kwenye ugali, hiyo ni kama kalori 145. Uzito ukipanda kupita kiasi na kiuno kikaongezeka zaidi ya sentimita moja kwa mwezi, toa kijiko kimoja cha mafuta kwa siku kwanza. Protini usiiguse. Na usibadilishe vitu viwili kwa wakati mmoja, hutajua kipi kimefanya kazi.

Nitumie namba za siku 14 za kwanza, uzito na kiuno, pamoja na unga na mafuta mnayotumia nyumbani kweli, si yale unayodhani. Nitazipitia moja moja na kukujibu. Msalimie mama watoto, na umwambie hiyo mizani ya jikoni itamsaidia hata kwenye maandazi.

Wako akupendaye,

Selemani