Tableti ikiwa nzito, msikate teksicha za mhusika

Kwa Mhariri,

Kuna ushauri unaozunguka kati ya vijana wa Mombasa wanaounda wahusika wa katuni na michezo kwa tableti: eti tableti ikianza kukwama, punguza teksicha zote ziwe za pikseli (nukta za rangi zinazounda picha) 512 kwa 512 kisha uendelee. Tunaupinga, kwa sababu unaharibu kazi nzuri. Kupunguza rezolusheni, yaani idadi ya pikseli, ambayo teksicha inaonyeshwa nayo kwenye kioo ni jambo moja. Kupunguza teksicha yenyewe ni jambo jingine, na hilo ukishalifanya na kuhifadhi, hakuna kurudi.

Teksicha ni ile picha bapa anayovishwa mhusika: ngozi, nywele, nguo. Picha ya pikseli 4096 kwa 4096, kila pikseli ikichukua baiti 4, inakula MB 64 za memori. Faili ya PNG ya MB 5 isikudanganye. Imebanwa ili ihifadhike, lakini ukiifungua upake rangi inakunjuliwa yote. Sasa chukua mhusika mwenye uso, mwili, nywele na nguo, kila kimoja kikiwa na picha tatu, yaani ya rangi, ya miinuko na ya mng'ao. Hizo ni picha 12, MB 768. Programu nayo hutengeneza nakala ndogondogo za kila picha kwa ajili ya kumwonyesha mhusika akiwa mbali, na nakala hizo huongeza theluthi moja. Umeshafika GB 1, na leya (matabaka) za kupakia rangi bado: kila leya ya ukubwa huo ni MB 64 nyingine. Tableti ya GB 4 haiipi programu moja GB 4 zote. Memori ikibana, mfumo unaifunga programu bila kubisha hodi, na ambacho hakikuhifadhiwa kimekwenda.

Shusha onyesho, yaani ukubwa ambao teksicha inaonyeshwa nao tu, hadi 2048 na ile GB 1 inakuwa MB 256. Shusha hadi 1024, inabaki MB 64. Macho hayapotezi kitu wakati unapanga mkao au umbo la mwili. Kwenye kioo cha 1920 kwa 1200 kilicholazwa kwa upana, mhusika aliyesimama ana pikseli 1200 tu kutoka utosini hadi unyayoni, na kichwa ni kama sehemu moja ya saba, yaani pikseli 170 hivi. Uso wa 4096 hapo hauna pa kuonekana.

Mpangilio wenyewe utafute upande wa mwonekano au onyesho, si kwenye ukubwa wa teksicha wala kwenye dirisha la kutoa faili. Kama majina ya menyu yanakuchanganya, pima. Hifadhi nakala kwa jina jingine. Chora mstari mwembamba wa pikseli 2 kwenye teksicha ya 4096, shusha hadi 512, hifadhi, funga, fungua tena, kisha rudisha 4096. Mstari ukirudi mkali kama ulivyouchora, umegusa onyesho tu. Ukirudi na ukungu, umeikata teksicha, na unashukuru Mungu kwamba ilikuwa nakala.

Leso ndiyo inayoonyesha hasara hii vizuri zaidi. Tuseme umemtanda mhusika leso ya sentimita 150, nayo imechukua pikseli 2048 za ile picha ya 4096. Herufi ya jina, yaani maneno ya leso, yenye kimo cha sentimita 3 inapata pikseli 41 hivi, inasomeka bila taabu. Onyesho la 1024 linaiachia 10, bado utaitambua. Kwenye 512 zinabaki 5: tundu la "a" na la "e" yameziba, na jina zima limekuwa mstari wa madoa juu ya pindo. Ukiwa umeshusha onyesho tu, rudisha na jina lipo. Ukiwa umeikata teksicha kisha ukaikuza tena, mashine inazitandaza zile pikseli 5 na kukupa ukungu mkubwa zaidi. Kwa hiyo jina, pindo, kope na kingo za midomo usivipake onyesho likiwa limeshushwa. Kama programu inaruhusu kiwango tofauti kwa kila sehemu, pandisha nguo peke yake na uache nywele na mwili kwenye 1024.

Jambo jingine linalowababaisha wengi ni mstari mweupe unaotokea kwenye maungio baada ya kushusha onyesho. Vipande vya teksicha hukatwa kama vipande vya kanzu mezani kwa fundi, na rangi lazima ivuke ukingo kidogo; huko kuvuka ndiyo akiba. Akiba ya pikseli 16 kwenye 4096 inakuwa 2 kwenye 512; akiba ya 8 inabaki 1, na hapo rangi ya nyuma inapenya. Usipake rangi juu ya mstari huo. Ongeza akiba ifike 16, au pandisha onyesho kwanza uone kama bado upo.

Vivyo hivyo kwa miinuko. Ikionyeshwa kwa 512, vinyweleo na mikunjo hulainika, na mtu hukimbilia kuongeza nguvu yake. Akirudi 4096, mhusika ana ngozi ya mamba.

Na si kila uzito unatokana na teksicha. Zizime zote, kama umbo bado linakwama, tatizo ni wingi wa pembetatu zinazounda umbo. Kama tableti inachemka, kinachosaidia zaidi ni kushusha rezolusheni ya kioo chenyewe ndani ya programu, ambao ni mpangilio mwingine kabisa. Apple inataka iPad itumike kwenye hewa isiyozidi nyuzi 35, na chumba cha mabati wakati wa kaskazi kinaweza kuzipita. Vua kava, usichaji huku unapaka, weka feni. Kwenye friji usiitie hata kidogo: ukiitoa, unyevu wa pwani unageuka maji juu yake na ndani yake.

Kabla ya kumkabidhi mteja, rudisha onyesho kamili, subiri picha zipakiwe, kagua uso, maungio na jina la leso kwa karibu, ndipo utoe faili. Mteja akitaka 1024 kwa ajili ya simu, mtolee nakala ya 1024. Ile ya 4096 ibaki kwako.

Waunda wahusika,
Mombasa