Mistari ya bakodi si 666

Mhariri,

Uvumi kwamba bakodi (ule msimbo wa mistari kwenye vifungashio) ya sabuni au sukari imeficha 666, namba ya mnyama katika Ufunuo, unasikika hadi mwaloni Kirumba. Hoja yenyewe ni jozi tatu za mistari mirefu: mwanzo, katikati na mwisho. Zinafanana na sita, kweli, lakini kwa jicho tu.

Katika bakodi ya tarakimu 13, kila tarakimu iliyochorwa hujaza vipimo 7, kipimo kimoja kikiwa upana wa mstari mwembamba kabisa. Sita ya upande wa kulia ni mstari mwembamba, uwazi mwembamba, mstari mwembamba, kisha uwazi wa vipimo 4. Jozi za pembeni zina vipimo 3 tu, ya katikati 5. Mashine haizisomi kama tarakimu. Kazi ya jozi hizo ni kuonyesha msimbo unapoanza, unapogawanyika na unapoishia. Mchapaji akikata ukingo mweupe wa pembeni, mashine huweza kugoma kusoma.

Na 620 inayoanza namba zilizo chini ya mistari? Ni namba ya Tanzania, huonyesha kampuni iliposajili msimbo. Haithibitishi hata kwamba bidhaa imetengenezwa hapa, sembuse kuzimu.

Msomaji,
Mwanza